Mapengo ya Kasuku

4 Machi

Dada, shikamoo.

Kabla hujasoma mstari wa pili, kaa chini. Umekaa? Haya. Mdogo wako, yule aliyeishia kidato cha pili na walimu wakafanya kama sherehe, sasa ni mtu wa utafiti. Sikudanganyi. Nina kitambulisho kinaning'inia shingoni, kina picha yangu, na kwenye picha sijacheka, kama wasomi wote.

Iko hivi. Pale shuleni kwa binti yako wamekuja watu wanaotaka kujua kama mtoto anashika masomo zaidi akifundishwa kwa video, picha na sauti kuliko kwa chaki na ubao. Darasa lina watoto arobaini, wakaligawa katikati. Ishirini wamebaki na mwalimu wao na vumbi lake. Ishirini wamepewa vishikwambi na hedifoni, kila mmoja na chake, wamekaa chumba cha pili kimya kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Binti yako Kasuku yuko kwenye vishikwambi. Usinishukuru, ilikuwa kura. Lakini ukitaka kunishukuru, nishukuru.

Mkuu wao ni mama mmoja mrefu, tunamwita Bi Mtafiti, akitembea utadhani kabeba yai. Alikuwa anatafuta kijana wa kuchaji vishikwambi na kufuta vioo. Nikamwambia mimi hata kompyuta natengeneza. (Natengeneza kweli. Ile ya jirani ilikufa kwa uzee wake, si kwa mkono wangu.) Wiki ya kwanza nilifuta makamasi. Wiki ya pili akanipandisha: nasafisha data.

Nikueleze, maana wewe ni muuguzi, mtu wa sindano. Kila kishikwambi kina kijicho cha kamera. Kinaangalia kama mtoto anatazama somo, na kila sekunde kinaandika mstari mmoja: anatazama, kagusa jibu, kapata, kakosa. Mtoto akisinzia, mistari inatoka mitupu. Hayo ndiyo mapengo. Bi Mtafiti kasema pengo la sekunde chache ni uchafu tu, nifute, niunganishe huku na huku, mambo yaende. Nafuta hadi vidole vinauma.

Na unajua nani anaongoza kwa mapengo? Mwanao! Yule anayeongea tangu anafumbua macho. Yuko katikati ya somo la hesabu za sehemu, mara kimya, kalala macho wazi kama samaki wa kwenye barafu, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Jana mara kumi na moja. Nimemfutia yote asikuaibishe. Sasa kwenye karatasi ndiye mtoto makini kuliko shule nzima. Karibu sana.

Anakusalimia. Anauliza kama huko mgodini mnakula panya. Nimemwambia ndiyo.

Nijibu kwa gari lile lile la chakula cha mgodi lililokuletea hii, maana simu huko kwenu ni pambo la mfukoni.

Mdogo wako,
Mtafiti Mkuu (Msaidizi wa Msaidizi)


13 Machi

Mtafiti Mkuu,

Marahaba. Nimecheka hadi mgonjwa wa kitanda cha tatu, aliyeangukiwa na jiwe mguuni, akaomba nimsomee na yeye. Hongera, mdogo wangu. Sikuwahi kukuandikia neno hilo nikalimaanisha. Leo namaanisha.

Sasa weka utani pembeni. Hayo mapengo ya Kasuku. Nijibu moja moja: yana urefu wa sekunde ngapi? Kope zinachezacheza? Midomo je? Ukimwita katikati anaitika? Yakiisha, anajua kwamba alinyamaza? Usiniandikie habari za samaki. Niandikie namba.

Na kuanzia leo asipande kwenye tangi la maji pale uani, hata kuchungulia. Asioge huku mlango umefungwa kwa ndani. Asibebe chai ya moto. Usiniulize kwa nini. Mimi ndiye niliyekubadilisha nepi, na nilipokuachia mtoto wangu kwa mwaka mzima watu waliniuliza kama nina akili timamu. Nikawajibu huyu namjua. Basi fanya nilivyosema.

Na usimfutie tena kitu.

Dada yako


20 Machi

Dada, shikamoo tena na tena.

Barua yako nimeisoma nikajikuta nimeinua mikono juu. Polisi wenyewe hawaulizi hivyo! Naona uuguzi umekupanda kichwani, kila mtu kwako ni mgonjwa ambaye bado hajalala kitandani. Lakini kwa kuwa mimi sasa ni mwanasayansi, nimepima. Saa mkononi, kalamu sikioni.

Sekunde nane. Sekunde kumi na mbili. Pengo moja lilifika kumi na tano. Kope zinacheza, ndiyo, kama balbu inayotaka kuungua. Midomo anaitafuna kidogo kama ng'ombe. Nimemwita, hakuitika. Nimempungia mkono mbele ya pua, hakuniona. Halafu tap, karudi, kaendelea na neno lake pale pale alipoliacha. Nikamwambia, "Ulikuwa umelala, we Kasuku." Akanijibu, "Mjomba, wewe ndiye uliyelala. Mimi nilikuwa naongea." Huyo ni damu yako, hakubali kushindwa.

Tangi nimelizungushia waya wa miiba. Sasa hata mimi siwezi kupanda. Umeridhika?

Mwalimu wa darasa anamwosha uso kwa maji baridi ili achangamke. Haisaidii. Lakini mdogo wako kapata dawa, soma polepole usikose utamu. Mtoto akipata jibu, kwenye kioo inatokea nyota ya zawadi. Ilikuwa inawaka polepole kama imechoka. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaiharakisha, ikawa inamweka-mweka kama moto wa fundi wa kuchomelea vyuma. Mara kumi na tano kwa sekunde! Darasa zima macho kodo. Kasuku ndiyo usiseme, nyota ikiwaka mabega yanamruka kidogo, tik, na mikono. Ameamka! Bi Mtafiti alisimama nyuma yangu akatazama, akasema, "Kijana, una kipaji." Neno kwa neno. Nimeliandika kwenye mlango wa chumba changu.

Kuhusu kutofuta: hilo haliwezekani, dada. Ndiyo kazi yenyewe. Nikiacha mapengo yake, ataulizwa kwa nini mistari ya mtoto mmoja ni michafu, na mtoto mwenyewe ni wa kwetu. Watasema nambeba au watamtoa. Na hawawezi kumtoa, maana, pumua kwanza, tarehe 10 Aprili wanakuja wageni wakubwa, wale wanaoamua kama mpango uende shule nyingine tisa, na Kasuku ndiye aliyechaguliwa kuonyesha! Atakaa jukwaani kwenye ukumbi, mapazia yamefungwa, kishikwambi chake kimeunganishwa na projekta, na kila jibu lake litatokea ukutani. Nyota kubwa kama mlango.

Anakariri hadi akiwa anakula. Kaomba umletee kokoto la mgodini linalong'aa.

Mdogo wako,
Kijana Mwenye Kipaji


27 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii usiisome ukiwa unatembea.

Kaka yetu mkubwa, yule aliyeanguka tangini akafa, hakuteleza. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, ukaambiwa hivyo, nami nimekuacha hivyo hivyo miaka yote. Alikuwa na mapengo kama ya Kasuku tangu akiwa na miaka minane. Mwalimu alimwita Bwege. Baba alimchapa kwa kuzubaa. Baadaye, asubuhi akiamka, mikono ikawa inamruka, vikombe vinaanguka, akachapwa kwa vikombe. Siku ile alipanda tangini kutazama maji yamefika wapi. Mimi nilikuwa chini nimeshika ngazi. Alikuwa ananiambia kitu akanyamaza katikati ya neno. Nilimsubiri amalizie.

Jioni mama alitukalisha akasema, tutasema aliteleza. Wakisikia nyumba ina kifafa hakuna atakayekuja kumposa binti yangu. Tukasema aliteleza. Nimelisema mara nyingi hadi nikaanza kuliona: mguu wake, unyevu kwenye ngazi, anateleza. Haikuwa hivyo.

Kasuku halali macho wazi. Mabega yanayoruka si kuamka. Ubongo wake unashtuka, na ile nyota yako ndiyo inayoushtua. Kuna watu ambao mwanga wa kumweka-mweka unawaangusha. Ukiuweka mkubwa kama mlango, gizani, mbele ya mtoto wa namna hiyo, sitaki kumalizia.

Kwa hiyo: mtoe kwenye hicho kishikwambi leo hii. Jukwaani asikanyage. Mpeleke hospitali kubwa, mwambie daktari maneno haya haya, sekunde ulizopima, kope, midomo, mikono, na habari za kaka. Usifiche chochote. Daktari asipojua vyote anaweza kutoa dawa inayofaa ugonjwa mwingine na kuuchochea huu.

Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekuficha.

Dada yako

31 Machi. Mvua imekata barabara, gari la chakula halijashuka. Barua bado ninayo. Nimekwenda kwa msimamizi kuomba redio, akasema redio ni ya ajali. Nikamwambia hii ni ajali ambayo bado haijatokea. Akacheka, akanipa chai.

6 Aprili. Wanasema kesho. Jana pia walisema kesho.

8 Aprili. Gari linawashwa. Nimemwambia dereva akilala njiani nitajua.


9 Aprili

Dada, shikamoo (kama bado unaipokea).

Wiki ya tatu huna hata mstari. Umenuna? Kama ni ule utani wa panya, mtoto keshasahau. Hapa watu wanasema barabara yenu imebebwa na maji, lakini mimi nakujua, ukinuna unaweza kuilaumu hata barabara.

Kesho ndiyo siku yenyewe. Nimevaa suruali yenye mistari nikajitazama, nikajiogopa. Bi Mtafiti kanipa kazi ya kusimamia projekta, mimi peke yangu, na kasema akiulizwa kuhusu nyota atanitaja. Tumejaribu leo ukumbini bila Kasuku, nikakaa mimi mahali pake. Nyota ilipowaka nilishika kiti. Ni kitu, dada! Ukuta mzima unapumua.

Matokeo nayo yametoka. Darasa la vishikwambi, umakini asilimia tisini na saba. Wale wa chaki, sabini na moja. Bi Mtafiti alipoiona ile tisini na saba alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Sikumwambia kwamba hata mapengo marefu nimeyafuta kwa kidole changu. Wao wa chaki hawana kamera, wana mwalimu tu anayeandika nani kazubaa, na yule haachi hata mmoja.

Kasuku mzima. Amekuwa na mikono ya siagi tu, asubuhi vikombe viwili, sahani moja. Leo kamwaga uji kifuani, nikamwambia ni woga wa jukwaa. Shuleni sijasema, wasije wakamweka mtoto mwingine. Mapengo bado yapo, tena mengine yanafika sekunde ishirini, lakini kesho nitakuwa karibu naye. Akinyamaza nitabonyeza jibu lake kutoka kwenye kompyuta, nyota itawaka, ataamka. Nimefikiria kila kitu.

Kaniambia nikuandikie kwamba atavaa soksi nyeupe.

Mdogo wako,
Msimamizi wa Projekta, Mabega Juu


10 Aprili

Kwa mama wa mtoto,

Mimi ni mwalimu wa darasa lake, yule wa chaki. Mdogo wako hawezi kushika kalamu kwa sasa, ndiyo maana naandika mimi. Mtoto amepelekwa hospitali kubwa saa tano asubuhi. Yu hai. Nimekwenda mwenyewe makao makuu ya mgodi, nikasimama pale mpaka wakakupigia redio. Sasa wamekubali. Barua hii ifuate tu, uwe na kitu mkononi.

Nilimwosha uso kwa maji baridi mara nyingi, mama. Nilidhani ni uvivu. Naomba unisamehe kabla hatujaonana.

Mwalimu wake


12 Aprili, wodi ya watoto

Dada,

Wamesema umeanza kushuka kwa miguu tangu jana alfajiri hadi pale mvua ilipoikata tena barabara, na ng'ambo kuna lori. Kwa hiyo unaweza kufika leo. Barua hii nitaiacha kwa mlinzi wa getini. Isome pale kabla hujapanda ngazi, maana uso kwa uso sitaweza kuyasema. Nimejaribu mbele ya kioo cha chooni.

Yako ya tarehe 27 niliipata. Dereva aliniletea mkononi saa kumi jioni, siku ile ile ya tarehe 10. Ukumbini ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hapa nje na soksi zake mkononi, akaja anatabasamu, akasema dada yako amenitisha kuhusu hii.

Cha ukumbini nitakuambia kimoja tu. Alinyamaza kwenye swali la tano. Mimi nikabonyeza. Alipoanza kutupa mikono wageni walipiga makofi, walidhani amefurahi. Nami nikabonyeza tena.

Sasa sikiliza lililo baya zaidi. Daktari aliniuliza, hii ni mara ya kwanza? Nikasema ndiyo. Akauliza, hajawahi kuwa anazubaa, anashtuka mikono? Nikasema hapana, huyu ni mtoto makini, nikamwambia hadi asilimia. Barua yako ilikuwa bado haijafika, lakini usinitetee kwa hilo, namba nilikuwa nazo kichwani. Niliogopa atauliza nani aliiharakisha nyota. Akaandika dawa ya mtoto aliyeanguka mara ya kwanza. Saa kumi nikasoma maneno yako, daktari asipojua vyote, nikayasoma tena na tena, na sikuinuka kwenye benchi. Nilijiambia ameshapewa, labda itafaa. Usiku ule na jana nzima sikusema. Na jana nzima mapengo yalikuwa yanaongezeka. Mtoto hawezi kumaliza sentensi. Anaanza, anakatika, anaanza.

Leo asubuhi nimemwambia daktari yote. Nimemsomea barua yako, habari za kaka, habari za nyota. Hakunigombeza. Ningefurahi angenipiga. Aliita muuguzi, wakabadilisha dawa palepale, akasema ile ya kwanza kwa ugonjwa huu ni kama kumwagia moto mafuta, na hii mpya haifanyi kazi kwa saa moja, itachukua muda kushika, na katikati hapo asiachwe bila macho ya mtu. Akataka zile rekodi za kishikwambi: mapengo yalianza lini, mangapi kwa siku, yanarefuka vipi. Alisema madaktari wengi hawapati bahati ya kitu kama hicho, mtoto aliyetazamwa sekunde kwa sekunde wiki sita.

Nilikimbia shuleni. Bi Mtafiti alikuwa anafunga masanduku. Alinisikiliza vizuri tu, akasema pole. Akasema nakala ni moja, ile iliyosafishwa, na aliyesafisha ni mimi. Akasema mistari ya Kasuku imeondolewa yote, ameandikwa kama mtoto aliyejitoa. Nikamuuliza, na nyota? Maana vishikwambi vya shule tisa vimenakiliwa kutoka kwenye chetu, na mipangilio yangu imo. Akasema hilo litaangaliwa baada ya ripoti. Wageni walishakubali, vimeondoka jana kwa gari. Mwalimu wa chaki ameondoka asubuhi hii kwa basi kuzifuata shule hizo, kaanza na ya karibu. Nilitaka kwenda naye, akaniambia kaa na mtoto.

Kwa hiyo nimekaa. Daktari kanipa karatasi, saa na kalamu. Kila pengo, saa na sekunde. Likipita sekunde thelathini nimwite muuguzi, likiendelea waje na sindano. Tangu saa tatu hadi sasa saa saba yamefika thelathini na nne, na refu kuliko yote lilikuwa sekunde ishirini na sita. Kati ya moja na lingine anaongea, dada, bado anaongea. Anauliza kama kokoto uliliokota mwenyewe au uliiba. Anauliza kwa nini sifanyi utani.

Sasa hivi alikuwa ananisimulia ndoto, kuna nyumba haina mlango, yuko ndani anamsikia mtu nje, akasema "nikamwambia huyo mtu" na hapo kakatika. Saa saba na dakika nne.

Kope zinacheza. Kumi na tano. Namshika mkono, ni wa baridi. Ishirini na tano. Thelathini. Nimeita. Thelathini na nane, muuguzi kaja, kamgeuza ubavu, anamwita kwa jina lake lile la shule. Hamsini. Midomo imeacha kutafuna. Kamtuma mwenzake sindano. Sitini na tano. Naandika kwa sababu wameniambia nisiache kuandika. Sabini na mbili.

Dada, popote ulipo njiani, ongeza mwendo.

Themanini.